Zumaridi na Yakuti: Jinsi ya Kuyashinda Majitu ya Hiari

Bila shaka umewahi kumwona ndugu yako au jirani yako ameketi mbele ya runinga usiku wa manane, macho yamemtoka pima, vidole vinacheza juu ya vitufe, na ukimwita hasikii. Ukimwuliza kulikoni, atakujibu, "Ngoja kwanza bwana, nakaribia kulimaliza hili dubwana!" Dakika mbili baadaye unasikia sonyo refu. Dubwana limemmaliza yeye. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu kama huyo, na pia kwa ajili yako wewe unayemcheka, kwani huenda kesho zamu ikawa yako.

Tuanze na mambo ya msingi ili tusiachane njiani. Ipo aina ya michezo ya video ambamo mchezaji huvaa uhusika. Unaongoza kundi la mashujaa katika hadithi ndefu, inayoweza kuchukua saa 40 na zaidi. Mashujaa hao hupigana, hupata uzoefu, hupanda viwango, hununua silaha na kujifunza uchawi, hadi mwishowe wamkabili adui mkuu. Ukimwangusha huyo, hadithi imekwisha. Lakini watungaji wa michezo hii wana ujanja mmoja. Hulificha jitu jingine pembeni mwa hadithi, chini ya bahari au katikati ya jangwa, mahali ambapo hakuna anayekulazimisha kwenda. Ukitaka, lipite kando na umalize hadithi yako kwa amani. Cha ajabu ni kuwa jitu hilo la pembeni, mara nyingi, lina nguvu kumpita adui mkuu mwenyewe. Hilo ndilo ninaloliita jitu la hiari.

Sasa utauliza, ikiwa si lazima, ya nini kujitafutia balaa? Swali zuri. Nami nitakuuliza, ni nani aliyekulazimisha kutegua vitendawili vya nyanya yako? Jitu la hiari ni kitendawili chenye meno. Na hapa ndipo wachezaji wengi wanapokosea. Wakishindwa, wanadhani walikosa nguvu. Wanarudi msituni kupiga wanyama wadogo wadogo, wanapanda viwango kumi zaidi, wanarejea kwa jitu, wanapigwa tena vilevile. Mtunzi wa mchezo alijua tangu mwanzo kwamba utakuja kwake ukiwa umeshiba nguvu. Kwa hivyo hakutega mtego wa nguvu. Alikitazama kile unachokitegemea zaidi, akakigeuza kiwe ndicho cha kukuulia. Kikulacho ki nguoni mwako, tena katika michezo hii ki nguoni kwa maana halisi kabisa, kama nitakavyokuonyesha.

Nitatumia mfano wa mchezo mmoja ninaoujua, Final Fantasy VII, uliotengenezwa na kampuni ya Square ya Japani kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Ulitoka Japani Januari 1997, ukafika Marekani Septemba mwaka uo huo. Wajapani walioucheza mwanzo hawakuyakuta majitu mawili ninayotaka kuyasimulia. Yaliongezwa katika toleo lililokwenda ng'ambo, kisha Wajapani wakayapata katika toleo jingine lililotoka kwao Oktoba 1997. Majina yake ni Emerald Weapon na Ruby Weapon. Kwa kuwa sisi ni wanachama wa chama cha Kiswahili, na Kiswahili kina majina ya vito hivyo tangu zamani, tuyaite Zumaridi na Yakuti.

ZUMARIDI, JITU LA BAHARINI

Zumaridi ni jitu la kijani kibichi linalozurura chini ya bahari. Unalifikia kwa nyambizi. Mara ya kwanza mimi na binamu yangu tulipoliona, tulidhani ni mwamba. Tukasogea kulichungulia. Lo! Hatukukaa hata dakika tatu. Ubaya ni kwamba hatukuwa tumehifadhi mchezo tangu asubuhi, na saa nne za jasho la binamu yangu zikaenda na maji. Hakunisemesha hadi chakula cha jioni, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, "Hebu sogea tuone." Basi somo la kwanza la makala haya halihitaji akili nyingi: hifadhi mchezo kabla ya kuzama.

Zumaridi ana alama 1,000,000 za uhai. Isitoshe, ana macho manne ambayo ni kama maadui wengine wanne, kila jicho na alama zake 25,000. Katika mchezo huu pigo moja haliwezi kuzidi alama 9,999, hata uwe na upanga wa namna gani. Piga hesabu: ukimpiga pigo la juu kabisa kila mara, utahitaji mapigo 101. Na kwa kuwa uko chini ya maji, unapewa dakika 20 tu. Zikiisha, pumzi imekwisha na mchezo umekwisha.

Mtu akisikia hayo, ataona kwamba adui ni saa. Si kweli. Saa ina dawa yake. Katika mji wa Kalm kuna msafiri anayependa vitu adimu, na ukimpelekea kitabu kiitwacho Guide Book atakupa kijiwe kinachoondoa kabisa ule muda wa dakika 20. Kitabu chenyewe hupatikana kwa adui aitwaye Ghost Ship, yaani merikebu ya mizimu, katika ile njia ya chini ya bahari ya Junon. Lakini usimwue hivi hivi. Unatakiwa umalize uhai wake kwa amri ya Morph, ambayo humgeuza adui kuwa kitu. Pigo la Morph ni dhaifu, kwa hivyo mpunguze nguvu kwanza kwa mapigo ya kawaida, kisha ummalizie kwa hilo. Mtu mwenye papara atamwua merikebu kumi na asipate hata ukurasa mmoja.

Sasa tuje kwenye mtego wenyewe. Katika mchezo huu uchawi wote umo ndani ya vijiwe vya mviringo viitwavyo materia. Silaha ya shujaa ina matundu, vazi lake la mkononi lina matundu, na kila tundu hupokea materia moja. Silaha bora ina matundu 8, vazi bora lina 8, jumla 16. Mchezaji aliyefika mbali huwa ameyajaza yote. Nani ataacha tundu tupu? Ni kama kwenda dukani na mfuko wa bure ukaujaza nusu! Moto, barafu, radi, tiba, kasi, vyote mwilini, na mchezaji anatembea kifua mbele.

Zumaridi ana pigo moja linaloitwa Aire Tam Storm. Jina hilo halina maana katika lugha yoyote ninayoijua, na kwa muda mrefu tulilipita tu. Hebu yasome maneno yake mawili ya kwanza kutoka mwisho kuja mwanzo, herufi baada ya herufi. Umeona? M-a-t-e-r-i-a. Mtunzi ameandika jibu la kitendawili kwenye paji la uso wa jitu, ila ameliandika kinyumenyume. Pigo hilo humwondolea kila shujaa alama 1,111 kwa kila materia aliyovaa. Mwenye materia 8 hupoteza 8,888. Mwenye 9 hupoteza 9,999. Na uhai wa shujaa, hata akipanda hadi kiwango cha 99, hauwezi kuzidi 9,999. Kwa hivyo aliyevaa 9 amekufa, sembuse aliyevaa 16. Haidhuru una ngao gani. Umeuawa na mali yako mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kupanda viwango pekee hakusaidii. Anayetaka kuishi lazima avue. Avae 8 tu, na uhai wake uwe zaidi ya 8,888 pigo hilo linapokuja. Na hapa pana utamu ambao wachezaji wa haraka haraka hawaupati, kwa sababu kuchagua vijiwe vinane kati ya makumi uliyokusanya ni kazi ya kukaa chini na kalamu na karatasi. Kila kimoja kinachokaa kinamfukuza mwenzake.

Nitakupa orodha ya shujaa mmoja tu, ile aliyoitumia binamu yangu kwa Cloud. Kwanza Knights of the Round, mwito wa mashujaa 13 wanaomshambulia adui mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja akifikisha 9,999, mwito mmoja unaondoa alama 129,987, kwa hivyo miito minane ingetosha kumlaza Zumaridi. Kijiwe hicho kiko katika kisiwa cha mbali kisichofikika ila kwa ndege wa dhahabu, na stori ya ndege huyo tutairudia. Cha pili, kilichounganishwa na hicho cha kwanza, ni HP Absorb, kinachofyonza sehemu ya uhai wa adui na kukupa wewe, hivyo kila unapopiga unajitibu papo hapo. Cha tatu ni W-Summon, kinachonunuliwa kwa pointi za ulingo wa Battle Square huko Gold Saucer, kinachokuwezesha kuita mara mbili katika zamu moja. Cha nne ni Mime, kinachoiga kitendo kilichotangulia bila kutumia nguvu za uchawi hata chembe. Hiki ndicho kipenzi changu. Mwito wa mashujaa 13 unagharimu alama 250 za uchawi, na ukiita mara mbili ni 500, na hakuna shujaa anayeweza kuwa na zaidi ya 999. Lakini mwenzako akiiga, anaita mara mbili bure. Wa tatu naye akimwiga, bure tena. Umelipa mara moja tu.

Cha tano na cha sita huenda pamoja: Final Attack na Phoenix. Aliyevaa jozi hiyo akianguka, ndege Phoenix hutokea mwenyewe na kuwafufua wote walioanguka, na idadi ya mara ambazo atatokea hutegemea kiwango cha kijiwe hicho. Cha saba kile cha kuondoa dakika 20, ambacho kinatosha kuvaliwa na mmoja tu. Cha nane HP Plus, cha kuongeza uhai. Nane, basi. Hakuna cha moto, hakuna cha barafu wala radi. Binamu yangu alivivua vya kasi kwa shingo upande kabisa, utadhani anauza ng'ombe.

YAKUTI, JITU LA JANGWANI

Baada ya kumwangusha jitu jingine liitwalo Ultimate Weapon, ambalo si gumu sana nami silipotezei wino, utaona kitu chekundu kimetokeza mchangani katika jangwa linaloizunguka Gold Saucer. Huyo ndiye Yakuti. Uhai wake ni 800,000, yaani pungufu ya Zumaridi, na wengi huona basi huyu ni rahisi. Mimi naona ni mgumu zaidi, kwa sababu Zumaridi huadhibu mali ulizovaa, lakini Yakuti huadhibu urafiki.

Unaingia vitani na mashujaa watatu kama kawaida. Yakuti anapuliza tufani ya mchanga iitwayo Whirlsand, na mwenzako mmoja anatoweka. Hakufa, maana aliyekufa ungemfufua. Ameondolewa kabisa vitani na hakuna dawa ya kumrudisha. Kisha anamwondoa wa pili. Umebaki peke yako mbele ya jitu. Hapo ndipo anapochimbia mikono yake mchangani, ikatokea nyuma yako, ukawa sasa unapigwa mbele na nyuma.

Ukitafakari, jibu limo katika mpangilio huo huo. Yakuti anaondoa watu kwanza, kisha ndipo anachimbia mikono. Akishaichimbia, hapulizi tena ile tufani. Je, itakuwaje akikukuta uko peke yako tangu mwanzo? Hatakuwa na wa kumwondoa. Atachimbia mikono mara moja. Lakini mchezo haukuruhusu kwenda na shujaa mmoja, lazima wawe watatu! Basi unafanyaje?

Unakwenda na maiti wawili. Ndivyo hasa. Kabla ya kumkabili Yakuti, unaingia katika vita vidogo na adui yeyote wa njiani, unawapiga wenzako wawili wewe mwenyewe mpaka waanguke, unammaliza adui, kisha unaondoka bila kuwafufua. Unaingia kwa Yakuti na mmoja aliye hai na wawili waliolala chini. Jitu linaangalia, linaona mmoja tu, linachimbia mikono. Hapo ndipo unapowaamsha kwa dawa ya Phoenix Down, wakasimama wazima, na tufani haitakuja tena. Nakiri kwamba mara ya kwanza binamu yangu aliponieleza mpango huu nilikataa. Kumpiga Tifa? Baada ya kumlea kwa saa 50? Lakini mtu akishaona Tifa akipeperushwa na mchanga mara tatu mfululizo, moyo unalegea.

Mtego wa pili wa Yakuti ni kwa wale waliotoka baharini na ushindi wao. Umemshinda Zumaridi kwa mwito wa mashujaa 13, unadhani utaendelea vivyo hivyo. Yakuti kila akipigwa na mwito huo hulipiza kwa uchawi wa Ultima unaowakumba wote. Silaha yako kubwa kuliko zote ndiyo inayomwita. Sisemi usiitumie, kwani hesabu inaonyesha kuwa miito saba iliyotimia inatosha, lakini uwe na kile kijiwe cha kufyonza uhai pembeni yake, na Phoenix akae tayari. Aidha iko njia ya pili ambayo binafsi naipenda zaidi, kwa sababu haimpigi jitu pale aliposimamia. Yakuti ana udhaifu mmoja: anaweza kupooza. Mtupie kitu kidogo kiitwacho Dazer, au mwite Hades, anayepatikana katika ndege ya Gelnika iliyozama baharini, na zamu zake zitaanza kumpita ameduwaa. Dazer ni kijitu ambacho wachezaji wengi huwa nacho mfukoni tangu mwanzo na hawakitumii hata siku moja, kwa vile wanadhani majitu makubwa hayapoozi. Wewe pooza, piga, na kabla hajaamka pooza tena.

Binamu yangu alitumia njia hiyo, akafika mahali ambapo nilijua kabisa kuwa tumeshinda, na stima zikapotea. Hilo nalo ni jitu, tena si la hiari, na sina mbinu yoyote ya kukupa ila ile ya kuhifadhi.

JE, HII NI KWA MCHEZO HUO TU?

La hasha. Chukua Elden Ring, mchezo uliotoka Februari 2022, na ndani yake Malenia, ambaye pia unaweza kumaliza hadithi bila kumwona. Wachezaji waliofika mbali wamezoea kujikinga nyuma ya ngao. Malenia kila upanga wake unapokugusa anajiponya, na hata ukiuzuia kwa ngao anajiponya vilevile. Ngao yako inakuwa sahani ya kumlia chakula. Anayeitegemea atapigana naye hadi jogoo awike. Anayekubali kuiweka chini, akajifunza kukwepa na kutumia silaha za kumtoa damu au nzito za kumyumbisha, huyo ana nafasi. Wahusika ni wengine, mchezo mwingine, miaka 25 imepita, lakini swali la kujiuliza ni lile lile: ni kitu gani changu ambacho jitu hili linataka nikitumie?

Wapo watakaosema kwamba kusoma makala kama haya ni kudanganya, na kwamba mtu anapaswa kutegua mwenyewe. Suala hili lilizua ubishi mkali kati yangu na binamu. Yeye alisoma habari ya maiti wawili katika kitabu cha maelekezo, na mimi nikamwambia ushindi wake ni nusu. Akanijibu kuwa kuambiwa jibu hakupigi jitu, na akanipa nafasi nijaribu. Nilishindwa mara nne nikiwa na jibu mkononi. Tangu hapo nimelegeza msimamo, ingawa bado naona ni bora uingie mara moja bila kuambiwa, ufe, ukasirike, ndipo usome. Ukisoma kabla hujafa, Aire Tam inakuwa neno tu.

Na zawadi je? Ukimwangusha Zumaridi unapata Earth Harp, kinubi ambacho yule msafiri wa Kalm atakibadilisha kwa vijiwe vikuu vitatu vyenye uchawi wote, miito yote na amri karibu zote. Ni mali ya kutamanika, ila unaipata wakati umeshamaliza adui mkubwa kuliko wote aliyebaki baharini. Ya Yakuti inachekesha zaidi. Unapata Desert Rose, waridi la jangwani. Unampelekea msafiri yule yule, naye anakupa ndege wa dhahabu, yule yule mwenye uwezo wa kukufikisha kisiwani kulikofichwa mwito wa mashujaa 13. Kumbe wengi wetu tulikuwa tumeshahangaika kumzalisha ndege huyo, kwa mashindano ya mbio na njugu, ili tupate mwito huo, ili tumshinde Yakuti.

Binamu yangu alishinda Jumamosi moja alasiri, bila stima kupotea. Akaenda Kalm, akatoa waridi, akapewa ndege. Sasa ana wawili zizini.